Niliacha Maziwa Yamwagike Nikisubiri Shikamoo

Mwenzenu nina kosa, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu liacheni. Wa kijijini kwetu Kwai, huku Lushoto, watakaosoma hapa watanijua tu, maana kisa chenyewe wanacho midomoni mpaka leo.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kupokea maziwa. Tuko wawili tu. Mimi nilikuwa wa kupima: mfugaji analeta dumu lake asubuhi na ukungu wote ule, natumbukiza kipimo nione kama ametia maji, kisha napima lita. Mwenzangu anaandika kwenye daftari na kumimina kwenye tangi la kupozea. Kuliosha hilo tangi ni kazi yake pia.

Huyo mwenzangu tumwite Mama Upendo. Alitoka Iringa miaka hiyo kuja kuchuma chai, mkataba ulipoisha akapata kazi kwetu. Siku ya kwanza aliingia mwembamba, uso laini, hana kunyanzi hata moja. Nikajisemea, huyu ni mdogo wangu kabisa. Nikasimama na mwili wangu huu wa watoto wanne, nasubiri shikamoo.

Haikuja!

Naye amesimama ananitazama, kama na yeye anasubiri kitu. Mwisho akasema, "Mm." Na mimi nikasema, "Mm."

Nyie wa kwingine mtasema si ungemwambia habari za asubuhi, yakaisha. Huku kwetu milimani haiendi hivyo. Mdogo ndiye anayeanza. Sasa nianze mimi, kwenye kituo changu, mbele ya wafugaji wanaonijua tangu nikiwa shule ya msingi? Thubutu!

Basi tukanuniana. Miezi saba!

Mtauliza kazi ilikwendaje. Ilikwenda kwa midomo ya wafugaji. "Mzee Hiza, mwambie huyo aandike lita sita." Mzee Hiza, ambaye ndiye mfugaji wetu wa kwanza kila siku, anageuka: "Binti, lita sita." Naye Mama Upendo: "Mzee, hebu muulize huyo, sita kamili?" Na hapo tumekaa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika pua.

Jamani, nisiwadanganye, nilikuwa naumia. Jumapili kanisani mchungaji anahubiri, mimi nawaza Jumatatu. Nikiuona mlango wa kituo tumbo linanikata. Kwenye jumuiya nikaomba waniombee kwa ajili ya "changamoto kazini", na moyoni namwomba Mungu amhamishe tu mtu wa watu. Mume wangu akaniuliza, "Kwani ukimsalimia unapungua kilo?" Nikamnunia na yeye siku mbili.

Sasa sikieni nilichofanya.

Siku hiyo wafugaji walikuwa wameshaondoka, Mama Upendo yuko mezani anaandika. Nikatoka nyuma kumwaga maji machafu. Loo! Bomba la kutolea uchafu linatoa maziwa! Alipoosha tangi asubuhi hakuikaza koki ya chini, na sasa maziwa ya wafugaji wote yanateremka kwenye kabichi za jirani. Mbwa wawili wameshafika.

Ningeweza kuifunga mwenyewe? Ningeweza. Ni kuzungusha mkono tu. Lakini nikajiambia tangi si kazi yangu, na nikimwambia yeye nitakuwa nimeanza mimi.

Nikaingia ndani nikakohoa. Akanitazama, akarudi kwenye daftari. Nikaangusha ndoo makusudi. Akasogeza kiti chake pembeni. Nikatoka mbio.

Ndiyo, nilitoka mbio kumtafuta mtu wa kwenda kumwambia!

Dukani kumefungwa, mwenye duka ameenda sokoni Lushoto. Nikateremka kwenye matuta, nikamkuta Mzee Hiza anakata majani ya ng'ombe. Na mtu mzima huwezi kumvamia na maneno yako. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamuulizia mume wangu, akawaulizia watoto mmoja mmoja kwa jina, akauliza mguu wa mama yangu unaendeleaje. Najibu yote huku nahema.

"Mzee, naomba uje ukamwambie mwenzangu koki ya tangi iko wazi."

Akanyoosha mgongo polepole. "Wewe mdomo wako umepatwa na nini?"

"Twende tu, mzee, maziwa yanamwagika."

"Si na yangu yamo humo humo?"

Hapo akatupa mundu, akapanda kile kilima akaniacha nyuma.

Tulipofika tangi limebaki povu. Mama Upendo alikuwa ameshaona mwenyewe, amepiga magoti kwenye koki, kanga imelowa maziwa, analia kwa sauti. Na gari la kubeba maziwa ndilo hilo linaingia, Meneja amekaa mbele na dereva.

Meneja wetu ni kijana mpole, lakini siku hiyo sura ilibadilika. "Nani anahusika na tangi?"

"Ni mimi," Mama Upendo akasema. "Kosa ni langu. Naomba unisamehe, nina watoto na sina ndugu huku."

Meneja akamwambia akachukue vitu vyake, kazi imeisha.

Na hapa ndipo pabaya kabisa, niseme tu: nilifurahi. Nikasema moyoni, Mungu amejibu. Kisha nikamwona anajifuta mikono kwenye kanga ili ampe Mzee Hiza mkono wa kwaheri, nikasikia aibu mpaka miguuni.

"Mimi niliona," nikasema.

"Uliona nini, mama?"

"Maziwa yakimwagika."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kumtafuta Mzee Hiza."

"Aje afunge?"

"Hapana. Aje amwambie."

Meneja akavuta dumu tupu akakaa. "Sasa kwa nini usimwambie wewe?"

"Hajawahi kunipa shikamoo!" Nikajikuta natoa machozi, mtu mzima mimi.

Mama Upendo akaacha kulia, akanigeukia. "Nani? Mimi ndiye nikupe wewe shikamoo? Kwani wewe umezaliwa mwaka gani?"

Vitambulisho vya taifa vikatolewa! Mbele ya Meneja, mbele ya dereva, mbele ya mbwa. Mzee Hiza akataka kusoma yeye, miwani ameiacha nyumbani, ikabidi dereva asome. Mama Upendo ananizidi miaka saba. Ana wajukuu wawili!

Wote wakanigeukia mimi.

"Shikamoo, dada."

"Sijasikia," akasema. Nikarudia kwa sauti.

"Marahaba," akaitikia, akaanza kulia upya, mara hii anacheka katikati.

Mama Upendo alibaki kazini na barua ya onyo. Mimi nilinyang'anywa kipimo, sasa naosha madumu, na maji ya huku mnayajua, vidole vinakufa ganzi kabla jua halijatoka. Tena niliagizwa nizunguke nyumba kwa nyumba kuwaomba wafugaji radhi. Hawakunitukana. Kila nyumba walinikaribisha, wakanijazia glasi ya maziwa, wakaniambia, "Kunywa, haya ndiyo yaliyobaki." Nilikunywa mpaka nikashindwa kupumua.

Lakini kinachoniuma zaidi si madumu. Kumbe Mama Upendo ni mcheshi balaa! Anamwigiza Meneja mpaka nashika mbavu. Siku hizi Jumatatu nawahi kufika. Miezi saba nimekaa chumba kimoja na mtu wa namna hiyo, mimi nimechagua kuumwa tumbo. Nikikumbuka natamani kujichapa.

Kwa hiyo nyie mnaonuniana makazini, nawaomba sana, acheni. Msikae mnachunguza mvi na makunyanzi ya watu. Kama hujui nani mkubwa, toa salamu wewe, haikupunguzii kitu, halafu fanya kazi yako urudi nyumbani na tumbo zima.

Mimi nimekoma, tena nimekoma mpaka nimepitiliza. Wiki iliyopita tumeletewa daktari mpya wa mifugo, ana kipara na ndevu nzito. Hajafunga hata mlango wa gari, nimeshamwinamia: "Shikamoo!" Kumbe ni kijana wa miaka ishirini na saba, katoka chuoni juzi. Nikategemea atashtuka, aseme hapana mama, shikamoo wewe.

"Marahaba," akasema, akapita zake.

Mama Upendo alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi kesho yake asubuhi nikampa nyingine, na leo pia nimempa.