Vidole vya Mama wa Bendera

Ofisa uandikishaji wa shule ya kimataifa, ambaye wazazi walimwita Mama wa Bendera, alikuwa na sauti ya kubembelezea mtoto mchanga na vidole visivyotulia. Kila alipowatembeza wazazi wageni, alinyoosha bendera zilizotundikwa ukutani. "Hapa ni dunia nzima chini ya paa moja," alisema, akalainisha mkunjo. Siku moja mhandisi mmoja, mwanamke aliyehamishwa na kampuni yake kutoka nchi ya mbali, alimfuata, kamshika bintiye mkono. Alipoiona bendera ya kwao, moyo ulianza kutua. Mara wasichana wawili wakapita wakipiga soga kwa lugha ya kwao, wakicheka. Mama wa Bendera akapiga vidole, ta! bila hata kuwatazama. Kicheko kikakatika.

"Tunawasaidia wazoee Kiingereza," alisema, tabasamu likiwa palepale.

Kuwasaidia! Kumziba mtoto mdomo ndiko siku hizi kunakoitwa msaada? Damu ilimchemka mhandisi, lakini akajikaza. Mgeni hagombi siku ya kwanza. Ndipo bintiye akamvuta mkono, akamwambia kwa lugha yao, "Mama, twende nyumbani." Vile vidole vikainuka tena. Ta! Safari hii vililia mbele ya pua ya mwanawe.

 Mhandisi aliing'oa bendera ya kwao ukutani, akaikunja taratibu, akaitia mkobani.

"Kama sisi hatutakiwi kusikika," alisema, "na hii isionekane."