Vugo la Kisima cha Bi Rukia

Pembe la nyati likigongwa kwa kijiti hutoa mlio mkavu, kama mtu abishaye hodi kwa haraka. Juzi nimeusikia arusini kwa mjukuu wangu, nikajiona niko Likoni tena, muda mchache kabla ya Uhuru, enzi tulipokuwa vijana wa kike wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, tunaoalikwa kila arusi kupiga vugo, hiyo ngoma ya pembe ya wanawake, na kuimba.

Mtunzi wetu alikuwa rafiki yangu Mwanaisha, msichana mwembamba mwenye sauti nene kuliko ya babake. Mtaa wetu wote ulichota maji kisimani kwa Bi Rukia. Marehemu mumewe ndiye aliyekichimba, akakitoa sadaka. Hakikuwa na ukuta wala kifuniko, na masika yakija, uchafu wote wa njiani ulitiririkia humo. Bwana afya alikuja akasema kijengewe. Wazee wakaitikia vizuri, akaenda zake, yakaishia hapo. Nani angemkabili Bi Rukia amwambie sadaka ya mumewe yaumiza watu? Mamangu alikuwa na msemo wake: "Mpaji hakosolewi."

Masika hayo Salimu, nduguye Mwanaisha, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, alishikwa na kuhara. Walimvusha kwa feri kumpeleka hospitali. Walirudi naye kafunikwa kanga.

Mwanaisha hakulia mbele yetu. Ilipokwisha arubaini, alitufundisha ubeti mpya. Mimi nikamnong'oneza:

"Tukiimba huo mamangu atanichinja."

"Basi usiimbe," akasema. "Gonga pembe tu."

Arusi ilipofika, Bi Rukia alikalishwa mkeka wa mbele, kajifukiza udi, watoto wanamwamkia shikamoo mmoja mmoja. Tukaanza kwa nyimbo za kumsifu bibi arusi. Kisha Mwanaisha akageuza:

*Maji yetu ya sadaka, yataka kuta na dari,*
*Mvua yaleta taka, watoto wapata shari.*

Nilikuwa nimeazimia kunyamaza, lakini nikajisikia naimba. Vigelegele vikakatika. Mamangu akainamisha uso.

"Nani katunga?" Bi Rukia akauliza.

"Ni mimi, bibi."

"Binti wa nani wewe?"

"Mimi ni dadake Salimu."

Nilidhani Bi Rukia atainuka aondoke. Kisha akasema, "Rudia, mwanangu. Nisikie vizuri."

Mwanaisha akarudia, peke yake, bila pembe.

Haikupita wiki, mafundi wakaja na mawe na saruji, na Bi Rukia mwenyewe akiwapelekea chai. Baadaye hata watu wa Mtongwe walituita tukawaimbie mambo yao yaliyowashinda kusema.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kwa majivuno: wasichana wadogo waliomshinda bibi mkubwa. Mamangu alipozeeka ndipo aliponieleza lililobaki. Jioni ya arusi ile Bi Rukia alikuja kwetu, akaketi ukumbini akalia.

"Mlijua nyote," aliwaambia kina mama, "mkaniacha nawanywesha wajukuu wangu maji yale yale?"

Kumbe maneno ya bwana afya hayakuwahi kumfikia. Mtaa mzima ulimficha ukweli, ukakuita huko heshima, na sisi tulioonekana hatuna adabu ndio wa kwanza kumtendea kama mwenzetu.