Kimya cha Uwanja wa Tononoka

Nilirudi Mombasa na diploma ya mitambo niliyojisomesha mwenyewe, nikiosha magari ya watu huko Arabuni ili nilipe ada. Sikusaidiwa na mtu. Nikafungua karakana Mji wa Kale, chini ya nyumba yetu, na pikipiki nyingi za mbio za mchangani kisiwani hapa zimepita mikononi mwangu. Nayasema haya ili ijulikane kwamba hofu yangu ya asubuhi ile haikuwa hofu ya asiyejua.

Pikipiki ilikuwa ya mdogo wangu. Injini yake ni ile ya kelele, inayochanganyiwa oili ndani ya petroli. Alitaka kabureta ya milimita thelathini na nane, kwa kuwa vijana wa Kizingo wanazo.

"Kaka, kubwa ndiyo kasi."

"Kasi ya barabarani hiyo. Kwenye tope utafungua mafuta, nayo ikohoe kama mzee mvuta buruma. Nakuwekea thelathini na nne, ivute tangu chini."

Akanuna. Ili kumridhisha, nikakata kifuniko cha boksi la filta ya hewa, injini ipate hewa zaidi, nikaongeza na ukubwa wa jeti, kile kitundu kinachopima petroli. Hesabu niliifanya mwenyewe. Lakini hewa ikizidi, petroli hupungua, na oili pamoja nayo, pistoni hupata moto na kung'ang'ania ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Ugenini niliwahi kumwona mtu akiokotwa baada ya hapo.

Mama alikuwa akitusikiliza kutoka dirishani. "Ukiniletea mwanangu juu ya machela," akasema, "hiyo diploma yako ndiyo utakayomfungia bandeji."

Kipimo cha kuaminika ni kimoja: uende mbio zote, uzime injini papo hapo huku umebana klachi, kisha ufungue plagi usome rangi yake. Nyeupe ni hewa kuzidi, ni hatari; hudhurungi ni salama. Vichochoro vyetu havina nafasi ya mbio, basi baada ya sala ya alfajiri tukaenda uwanja wa Tononoka, ungali mtupu.

"Vidole viwili kwenye klachi. Usivitoe. Gurudumu likifunga, bana."

"Nimesikia, mwalimu."

Akaondoka mbio, akapita nyuma ya vibanda vya kando ya uwanja, sikumwona tena. Nikabaki na sauti. Ikapanda, ikawa nyembamba, ikapanda kupita nilivyotarajia. Kisha ikakatika.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba injini iliyozimwa kwa amri yangu na injini iliyong'ang'ania huacha kimya kile kile. Katika mawazo nikamwona mama pale dirishani. Nikasoma dua, nikaikosea katikati, nikaanza upya.

Akatokea akisukuma pikipiki, helmeti mkononi.

"Kaka, mbona umekuwa mweupe kuliko plagi?"

Spana iliniponyoka, nikaiokota, ikaniponyoka tena. Akaichukua, akafungua mwenyewe. Plagi ilikuwa hudhurungi, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Hesabu yangu ilikuwa sawasawa kabisa, na nilimwambia hivyo.

Tulipofika karakana, kabla hata ya chai, nikaitoa jeti ile nikaweka kubwa zaidi, petroli na oili zizidi. Akawasha, akajaribu, akarudi amekunja uso.

"Yatoa moshi! Umeiua kasi yake."

"Nani mwenye diploma hapa?" nikamuuliza, nikaendelea kukaza skrubu.