Mpemba aliyempeleka Lady Rosalind kuomba radhi

Saa moja asubuhi, mvua ikinyunya juu ya mapaa ya Kensington, Bi Mardhiya Jaffar anavuta pazia, anamwinua Lady Rosalind Lavenholt kitandani na kumkalisha kitini. Chai ya maziwa iko tayari, na iliki kidogo. Bibi huyu wa miaka tisini na moja aliikataa iliki mwaka mzima. Siku hizi isipokuwapo, hununa.

"Nimemzoesha," anasema Bi Mardhiya, akicheka.

Ana miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Wete, Pemba, mkazi wa Barking. Kazi ya kutunza wazee inamlipa pauni kumi na tatu kwa saa, fedha ambazo London hii hazikai mfukoni. Lakini usije ukamwonea huruma. Kazi yake anaijua, na anajua kwamba anaijua.

Lady Rosalind ndiye wa mwisho katika ukoo wake. Zamani akina Lavenholt walikuwa na majumba Uingereza na mashamba makubwa katika kijiji cha Kilvarra, Ireland. Wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipooza ardhini, babu yao mmoja aliwafukuza wapangaji walioshindwa kulipa kodi, akaamuru mapaa yao yabomolewe wasirudi. Mashamba yaliuzwa zamani. Limebaki kaburi la baba yake Lady Rosalind, uani mwa kanisa la Kilvarra, na Bibi anataka azikwe ubavuni mwake.

Kamati ya kanisa ilikataa. Wakili wa Bibi aliandika tena, kwa Kiingereza cha kuringia, na jibu likawa lile lile. Bibi akaacha kula.

Hapo Bi Mardhiya akashindwa kuvumilia. Alimwambia kwamba kwao Pemba radhi haitumiwi mtu. Aliyekosa, au aliyerithi kosa, huenda mwenyewe akakaa mbele ya watu. Wakala wa kazi alipinga safari hiyo ya Kilvarra, akitaja umri wa Bibi na kanuni. Bi Mardhiya akachukua likizo na kwenda kama rafiki. Mpemba akishaamua, mpishe njia.

Ukumbini mwa kanisa, baada ya ibada ya Jumapili, Bibi alianza vibaya. Alieleza kwamba nyakati zilikuwa ngumu, na babu naye alikuwa na shida zake. Watu wakaanza kuvaa makoti. Bi Mardhiya akamwinamia sikioni.

"Nilimwambia, Bibi, radhi haina utetezi. Taja kosa, kisha nyamaza," anasimulia.

Bibi akasema: "Tuliwabomolea nyumba, watoto wenu wakafa barabarani. Nisameheni." Akalia, na aliyemfuta machozi ni Bi Mardhiya peke yake.

Jibu lilikuja wiki iliyopita kwa simu, kutoka kwa Bridget wa kamati, ambaye wazee wake walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Nafasi ya kaburi ipo, ila si ndani ya uzio wa chuma wa akina Lavenholt. Ni nje yake, kwenye majani, walikolala wapangaji wasio na hata jiwe moja.

Bi Mardhiya aliogopa kumfikishia. Bibi alisikiliza hadi mwisho, uso umemwiva.

"Mwambie nimekubali," akasema. "Na mimi nisiwekewe jiwe."

Jioni hiyo alikula vizuri. Bi Mardhiya, kwa upande wake, ameshapanga mwaka wake.

"Likizo siendi popote. Siku zangu nazitunza, nikamzike mwenyewe," anasema. "Namwomba Mungu nisizitumie upesi."