Picha Zote za Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kwaya yetu ya Kibera aliniletea simu yake kwenye saiba, duka la kompyuta ninakofanya kazi, Kawangware. Alitaka picha zake mia mbili zionyeshwe ukutani kanisani, Jumapili ya shukrani.

"Weka zote," aliagiza. "Usiruke hata moja."

Nilimwambia hiyo ni kazi ya siku nzima, maana picha huwekwa moja moja. Alinihurumia, akaniletea chai na mandazi, akaenda zake.

Uongo mtupu. Kompyuta ina mahali pa kutengeneza albamu: unachagua picha zote kwa mpigo, unabonyeza, kila moja inapata ukurasa wake. Chai ilikuwa bado moto nilipomaliza.

Nikazipitia nikitafuna. Nikaona gauni la zambarau limetundikwa kwenye msumari, kwenye mitumba ya Soko la Toi, muuzaji akitabasamu kando. Gauni hilo hilo Mwenyekiti alitutangazia kwamba binti yake alimtumia kutoka Amerika! Nikaiacha picha humo humo. Si alisema zote?

Jumapili akaja amelivaa. Picha ilipotokea ukutani, waimbaji wa sauti ya kwanza walianza kucheka, na kicheko kilipofika sauti ya nne hakuna aliyeweza kuimba.

Alinikamata mlangoni.

"Hukuiona?"

"Mama, picha zilikuwa nyingi, macho yalichoka."

"Na uliziweka moja moja?"

"Moja moja, Mama. Siku nzima."

"Basi hii uliiweka kwa mkono wako."