Kijiji Chetu Juu ya Mlango

Asubuhi ile nilikuwa juu ya paa la kanisa nikipigilia bati lililoinuliwa na upepo, na shida yangu kubwa duniani ilikuwa misumari. Mchungaji alikuwa ameniletea ile ya kung'oa kwenye mbao za zamani na kunyoosha kwa jiwe, na kila nikigonga mmoja unajikunja. Nilikuwa namsema mchungaji kimoyomoyo. Chini yangu kijiji kilikuwa na shughuli zake: moshi wa jikoni, watoto waliochelewa shule, na jirani yetu Byamungu akimfukuza bata wake asikanyage muhogo ulioanikwa. Kwetu Kivu Kusini mtu akiwa juu ya paa husalimiwa na kila apitaye, kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili, kugonga na kuitikia.

Ndiyo maana nilishtuka salamu zilipokatika. Watu walikuwa wanakimbia, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Halafu lori likatokea kwenye kona, na lilikuwa linasukumwa. Askari wengi wanalisukuma huku wanatukanana, na juu yake yamepangwa magodoro. Jeshi lile lilikuwa la nani, watu wa kwetu wanabishana mpaka leo. Mimi nilichoona ni jeshi lenye hamu kubwa ya kulala.

Askari mmoja akainua macho.

Nikaendelea kugonga. Sikujua la kufanya lingine.

"Fundi, leo mvua itanyesha?"

"Ndiyo, shefu."

Akatikisa kichwa, akachukua ngazi yangu, akaenda nayo.

Nikabaki kule juu kama antena, naona kila kitu. Mmoja alibeba mlango mgongoni. Mwingine alikumbatia saa ya ukutani ambayo bado ilikuwa inatembea. Wawili waliweka bunduki zao chini kabisa, kwenye vumbi, ili wapate mikono ya kumgombania bata wa Byamungu.

Hapo ndipo nikaona, kwa pembe ya jicho, kitenge cha mama mkwe wangu. Alikuwa anatoka uani kwake na sufuria ya maharagwe kichwani. Sasa kwetu mama mkwe hatazamwi. Ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Jina lake hulitamki, na hata hapa silitaji.

Nikageuka. Nikampa mgongo.

Bunduki zikalia.

Nilipotazama tena, barabara ilikuwa tupu na nyumba yake inawaka.

Nilishuka kwa kurukia mgomba, nao ukaanguka pamoja nami. Mke wangu Nyota na watoto walikuwa shambani, na nilipowafikia aliniuliza swali moja: "Mama amepita wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilimpa mgongo. Aliniuliza tena kwenye mtumbwi, na tena kwenye basi. Pale Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi huko Uganda, tulipokuwa bado tunangoja kupewa kiwanja, aliwaeleza wanawake wote wa kwenye foleni kwamba mume wake aliliona jeshi zima, akamwona na bata, mtu mmoja tu ndiye hakumwona. Walicheka mpaka wakanionea huruma. Tulimfanyia mama kilio hapo hapo, bila kaburi. Lakini kilio hakikumtosha Nyota. Miaka ilipita kambini Nakivale, tukalima, tukavuna, tukazaa, na siku nikimuudhi alikuwa anasema:

"Weye na heshima yako. Ungekosa adabu kidogo tu, leo ningejua."

Neno hilo liliniuma kuliko matusi.

Mimi ni fundi wa bati. Nakivale kuna madebe ya mafuta ya msaada kila mahali, kwa hiyo kazi haikukosekana: koroboi, mirija ya kumiminia mafuta, majiko. Kipande kikibaki nilikuwa nakikunja kuwa lori dogo la watoto kuchezea. Hajji Sulaimani, mfanyabiashara wa vyombo pale Mbarara aliyekuwa ananunua koroboi zangu, aliliweka lori moja kwenye kioo cha duka lake, na ndivyo Afande alivyoliona. Afande alikuwa mwanajeshi mstaafu wa Uganda, mrefu, mkavu, anayetembea kana kwamba bado kuna mtu anamhesabia hatua. Akaagiza vita kamili, juu ya ubao, ya kuweka sebuleni. Alitaka mtu akiingia aone vita yenyewe, siyo mchezo wa watoto. Nikamuuliza vita gani. Akasema yoyote, bora nionyeshe niliyoiona.

Ubao niliopata ulikuwa mlango uliotupwa na watu wa ujenzi. Nyota alisema ni sawa kabisa, wao walichukua mlango wetu, sisi tunawajibu kwa mlango.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa lori. Siyo. Lori lilikuwa tayari siku ya kwanza, linang'aa kama sahani ya harusi, na ndipo nilipogundua kwamba adui wa kazi hii ni upya. Vita haina kitu kipya isipokuwa magodoro. Nikalizika lori kwenye udongo wenye chumvi mpaka likashika kutu. Nikapaka masizi ya sufuria pale moshi unapotokea, nikasugua kwa majivu, nikatoboa matundu ya risasi kwa sindano ya moto. Vumbi nililichekecha kwa kitambaa chembamba, kwa sababu vumbi la mtu mzima likianguka kwenye kijiji kidogo linakuwa mawe. Majani makavu yalikuwa majani ya chai yaliyokwisha kunyweka, na Nyota alilalamika kwamba sasa tunakunywa chai mara nyingi kama wazungu.

Askari wa kwanza niliwafinyanga kwa bugali uliolala, nikauchanganya na majivu upate rangi ya nguo za jeshi. Bugali ukikauka unashika umbo vizuri sana. Nikawapanga juani, wenye magodoro huku, wenye bata kule, nikaenda kuteka maji. Nilirudi nikakuta kuku wa jirani wako katikati ya barabara ya kijiji wanamalizia. Walikula jeshi lote, wakaacha bunduki tu, kwa kuwa zilikuwa za waya. Nyota alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

"Kumbe ile siku tulikosa tu kuku," akasema.

Nilikuwa sijamsikia akifanya mzaha juu ya siku ile. Jeshi la pili nililifinyanga kwa udongo wa ziwani.

Afande alikuja mwenyewe kukagua, kwa boda boda, na miwani yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Akauzunguka mlango, mikono nyuma.

"Tanki iko wapi?"

Nikamwambia kwetu tanki haikufika.

"Vita bila tanki, hiyo ni vita gani? Na hii watu nabeba nini? Godoro?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alitaka askari wawe mstari mmoja, wananyoosha bunduki. Mimi nilisema walionyoosha kitu walikuwa wananyoosha shingo ya bata. Lakini sitamnyima haki yake: alinifundisha mambo. Alinionyesha kwamba shati la askari hupauka begani kwa sababu ya mkanda wa bunduki, na kiatu hulika kisigino kabla ya pua, na mtu mwenye njaa hubeba bunduki kama jembe. Nilirekebisha yote hayo. Alipokuwa anapanda boda boda akageuka akaomba tena tanki, hata moja, hata kwa mbali nyuma ya kilima.

Habari ikatembea kwamba fundi ameweka kijiji chetu mezani. Watu wa kwetu waliotawanyika Nakivale wakaanza kuja siku za Jumapili, na kila mmoja alikuja na malalamiko. Jiko langu lilikuwa kushoto. Mwembe ule haukuwa mnene hivyo. Mzee mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa ya nyasi aliniomba nimwezekee bati, si ndiyo kazi yangu, na nani atajua? Nilimwezekea. Mjane wa mwalimu wa kwaya hakulalamika. Alitafuta nyumba yake, akaipata, akaigusa paa kwa kidole, akaniuliza kama naweza kuongeza kamba ya kuanika nguo. Niliiongeza mbele yake.

Nami nilikuwepo, juu ya kanisa, mtu mdogo wa udongo mwenye nyundo. Ila Nyota aliona kwamba fasi ya mama yake ilikuwa tupu. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia siwezi kumfinyanga mtu ambaye sijawahi kumtazama, na hata nikimfinyanga, nimweke wapi? Nikimweka uani, nimemuua. Nikimweka barabarani, nimedanganya. Siku hiyo Nyota hakuniambia neno juu ya heshima yangu.

Mlango ulikuwa karibu kwenda Mbarara siku Byamungu alipoingia uani kwetu. Ndiyo, mwenye bata. Alikuwa amefika Kabazana majuzi tu, miaka yote hiyo baada yetu, amezeeka, amebaki ngozi na maneno. Alisikia kule kuhusu kijiji cha mezani, akaja kwa miguu. Tukamkumbatia, Nyota akamletea maji. Hakuyanywa. Alikuwa ameinama juu ya mlango, pua inakaribia kugusa lori.

"Baba Neema," akaniambia, kwa kuwa binti yetu wa kwanza ni Neema, "bata yangu haikukuwa mweupe. Ilikuwa na madoa, na unajua muzuri."

Nikajitetea kwamba kutoka juu ilionekana nyeupe. Akasema kutoka juu hata yeye alionekana ana akili. Akaendelea kukagua, nyumba kwa nyumba, mpaka akafika uani kwa mama mkwe wangu, akasimamisha kidole.

"Na mama huyu, mbona hamukumuweka? Si alipitia hapa?" Kidole kikaingia kwenye shamba la migomba, nyuma ya kanisa.

Nyota akaweka chini sahani aliyokuwa ameshika.

Byamungu akatutazama mmoja mmoja. Ndipo akaelewa kwamba hatukujua. Akakaa, akaeleza taratibu. Yeye siku ile alikuwa amelala kifudifudi chini ya majani ya migomba. Akamwona mama anakuja na sufuria yake, akamnong'oneza apite barabarani, chini ya kanisa, ni karibu zaidi.

"Akakataa. Akasema: 'Mukwe wangu iko pale juu. Siwezi pita chini yake, hata kama ni vita.' Akazunguka mu migomba, nami nikamufuata."

Waliopita barabarani walikutana na askari wengine kwenye kona ya pili. Hao ndio tuliowalia kwa majina yao: mwalimu wa kwaya, na vijana wawili wa Mama Sifa, na msichana aliyekuwa mgeni kwao.

Nyota alikuwa amekaa chini, bila mkeka. Niliogopa atauliza nini. Aliuliza:

"Na sufuria?"

"Alifika nayo ngambo ya mto. Ile maharagwe tulikula sisi wote."

Akacheka. Akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikaingia ndani kwa sababu nililia vibaya na sikutaka Byamungu anione. Mama mkwe wangu aliishi ngambo, kwa akina Byamungu, mpaka mvua zilizofuata, kisha homa ikamchukua. Walimzika penye kivuli, wakaimba. Kila siku ya soko alikuwa anakaa njiani akiuliza wapitaji kama wamemwona binti yake na watoto. Akimaliza kuuliza, alikuwa anawaambia kwamba mkwe wake ni mtu mwenye adabu, hata risasi zikilia alimpa mgongo. Alijisifia hilo kwa watu wote wa ngambo.

Nimelipima jambo hili miaka mingi na mizani haitulii. Alipona, na hatukujua. Sisi tunamlilia Kabazana, yeye amekaa soko zima barabarani anatuulizia. Barua moja, mtu mmoja mwenye habari, tungemfuata. Heshima ilimtoa kwenye njia ya risasi, na heshima hiyo hiyo ikatunyima kujua alikokwenda. Siwezi kuishukuru na siwezi kuilaani.

Kesho yake Nyota alichukua udongo wangu bila kuomba, akamfinyanga mama yake mwenyewe, na uso wake wote, na sufuria kichwani. Akamsimamisha kwa msumari katikati ya migomba. Mimi nilikuwa natazama pembeni. Lakini asubuhi ya safari akamng'oa.

"Huyu haendi Mbarara," akasema, akamweka kwenye rafu ya vikombe. Tangu siku hiyo nikitaka chai naomba niletewe.

Tuliufunga mlango nyuma ya pikapu. Nilisahau kuufunika, na njia yote ya Isingiro vumbi likamwagika juu ya kijiji. Nilipofika Mbarara nilitaka kulia, lakini Afande alipouona alivua kofia. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye mikunjo ya nguo za askari, kwenye magodoro, chini ya bata, ambaye sasa alikuwa na madoa. Kazi ya kuchekecha miezi yote ile, barabara iliifanya vizuri kuliko mimi. Akauzunguka mlango, mikono nyuma, akaniuliza huyu wa juu ya kanisa mbona anaipa vita mgongo. Nikasema ni fundi tu.

Kisha akaona tundu la msumari kwenye migomba, na uso wake ukachangamka.

"Hapa. Hapa iko nafasi ya tanki."

"Hapana, Afande. Hapo kuna mtu."

Akainama, akavaa miwani. "Mimi haoni mtu."

"Ni mama mkwe wangu," nikamwambia.

Afande ni mtu wa Ankole, na kwao pia mama mkwe hatazamwi. Alinyanyuka haraka, akavua miwani, akageuka akatazama dirishani. Tulisimama hivyo wawili, tumeipa ile migomba mgongo, mpaka mke wake alipotuita chai.