Kamera Isiyolia

Mume wangu Gashaw amepiga picha hapa Gondar miaka kumi na minane kwa kamera ileile, nzito, yenye kioo ndani. Ukibonyeza inalia "kacha!" mpaka jirani anasikia. Binamu yake wa Addis akamletea mpya, nyepesi, isiyo na kioo wala mlio. "Ijaribu wiki hii," akasema, "halafu uza hilo lidude."

Kesho yake tukaitwa kwa Bibi Yeshimebet, aliyetimiza miaka tisini. Wazee wetu hawapumui mbele ya kamera. Studio za zamani ziliwafundisha kwamba ukipumua, picha inaharibika, kwa hiyo husubiri mlio. Gashaw alilijua hilo, lakini kipya kinyemi.

Bibi akajikaza kitini. Gashaw akapiga picha moja, kimya. Akapiga ya tano, ya kumi. Midomo ya bibi ikaanza kuwa ya kijivu, macho hayapepesi.

"Mama?" bintiye akaita. "Mama!"

Gashaw akaganda, jasho linamtiririka.

"Ile ya zamani, mjinga wewe!" nikamfokea. Nikaichomoa mkobani mwenyewe, nikabonyeza bila hata kulenga. Kacha!

Bibi akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka majini. "Mbona leo umechelewa hivyo, mwanangu?"

Kamera mpya ilirudi Addis. Picha zake kumi zilitoka safi ajabu, lakini hatukumpa bibi hata moja. Ukizitazama kwa mpangilio, unamwona mtu akifa.